Mume yuko msituni, penzi liko sebuleni: jibu kwa msomaji aliyetazama Proof of Life

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Juzi usiku mimi na mume wangu tulitazama filamu ya zamani, Proof of Life, ya mhandisi aliyetekwa na waasi na mtaalamu anayekuja kumsaidia mkewe kumkomboa. Mume wangu aliipenda, hasa yale mazungumzo ya redioni na watekaji. Mimi nilibaki na kero. Kila yule mke na yule mtaalamu walipotazamana, sikujua nitake nini: warudiane na mumewe, au wapendane hao wawili? Filamu ilipokwisha nilihisi sikupewa hili wala lile. Je, penzi lile limeiharibu filamu, au ni mimi sikuielewa? Na kweli mateka hukombolewa hivyo?"

Marahaba, dada. Umeielewa vizuri, na kero yako imegusa mahali penyewe ambapo filamu hii imepasuka. Nimefundisha uandishi wa miswada ya filamu kwa miaka mingi, na hii ni mojawapo ya filamu ninazozirudia darasani, kwa sababu ni ya wastani kwa namna inayofundisha kuliko filamu mbovu kabisa. Nusu yake imetengenezwa na watu waliochunguza kazi yao kwa bidii kubwa. Nusu nyingine imeachwa ielee. Ubaya wa penzi lile hautokani na kuwekwa ndani ya habari ya mateka. Unatokana na kwamba haligusi hata mara moja mazungumzo ya kumkomboa mtu, na katika habari ya namna hii jambo lisilogusa mazungumzo hayo huonekana kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaitazama, nieleze kwa ufupi. Filamu ilitoka Desemba 2000, ikiongozwa na Taylor Hackford, kwa muswada wa Tony Gilroy. Peter Bowman, anayeigizwa na David Morse, ni mhandisi Mmarekani anayejenga bwawa katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini iitwayo Tecala, ingawa picha zenyewe zilipigwa Ekuado. Waasi ambao zamani walikuwa na itikadi, na sasa wanaishi kwa dawa za kulevya na utekaji nyara, wanamkamata barabarani na kumpeleka milimani. Kampuni ya London inamtuma Terry Thorne, askari wa zamani wa kikosi maalumu, anayeigizwa na Russell Crowe. Mara inagundulika kwamba kampuni ya Peter haina tena bima ya utekaji nyara, na Terry anaitwa arudi. Anaondoka, kisha anarudi kwa hiari yake kumsaidia Alice, mke wa Peter, anayeigizwa na Meg Ryan. Katika miezi ya kusubiri, yeye na Alice wanaanza kupendana, japo hawasemi. Mwishoni Peter anaokolewa kwa silaha, Alice anaondoka na mumewe, na Terry anabaki.

Nianze na kile alichokipenda mume wako, kwa kuwa ana haki ya kukipenda. Filamu hii haikutungwa hewani. Imetokana na makala ya William Prochnau iliyochapwa na jarida la Vanity Fair mwaka 1998 kuhusu biashara ya kukomboa mateka, na pia kitabu cha Thomas Hargrove, mtaalamu wa kilimo kutoka Texas aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa mazao karibu na Cali, Kolombia. Waasi wa FARC walimkamata kwenye kizuizi cha barabarani mnamo Septemba 1994, wakamshikilia milimani kwa miezi 11 hadi Agosti 1995, na wakati wote huo alikuwa akiandika shajara kwa siri. Familia yake ndiyo iliyobeba mazungumzo, na aliachiliwa baada ya fidia kulipwa. Kumbuka hilo la mwisho, nitalirudia tukifika kwenye risasi.

Bima anayoizungumzia Terry ni kitu halisi. Soko lake kuu liko London, na huuzwa kwa masharti ya usiri, kwa sababu anayejulikana kuwa nayo amejipandishia bei mwenyewe. Bima hiyo hairushi fedha msituni, bali humrudishia mteja alicholipa, na humpatia mshauri wa kumwongoza. Kampuni ya Control Risks, iliyoanzishwa London mwaka 1975, ni mojawapo ya zilizoijenga kazi hiyo ya ushauri. Filamu imeyashika haya kwa usahihi ambao huoni katika filamu nyingi za mateka, na onyesho la Terry kuambiwa kwamba hakuna bima, hivyo afunge begi na kumwacha mke wa mtu sebuleni, ndilo onyesho kali kuliko yote kwa maoni yangu. Hakuna bunduki ndani yake. Kuna mwanamke anayeambiwa kwa adabu kwamba uhai wa mumewe ulikuwa chini ya karatasi ambayo muda wake umekwisha.

Kuhusu swali lako la pili, mazungumzo yenyewe pia yana ukweli mwingi. Jina la filamu linatokana na hatua ya kwanza ya kazi hiyo, yaani uthibitisho wa uhai: kabla ya kutaja hata senti moja, upande wa familia huuliza swali ambalo mateka peke yake anaweza kulijibu, ili ijulikane kwamba anayeongea anaye mtu kweli na kwamba mtu huyo yuko hai. Kisha huja biashara ya bei, na hapo ndipo mantiki yake inapomshangaza mtu wa nje. Familia iliyopatwa na hofu hutaka kulipa chote walichoombwa, leo hii, ili mtu wao arudi. Mshauri huwazuia, na hawazuii kwa ubahili. Mtekaji anayelipwa haraka hujiambia kwamba ameuza kwa bei ya kutupa, kwa hiyo hubaki na mateka wake na kuomba mara ya pili. Ndiyo maana ofa huanza chini, hupanda, na kila nyongeza huwa ndogo kuliko iliyotangulia, hadi mtekaji mwenyewe anasadiki kwamba kitambaa kimekamuliwa na maji yamekwisha. Anayejua kupatana bei ya khanga sokoni anaifahamu nusu ya mantiki hii. Nusu nyingine, kwamba kinachouzwa ni mtu, ndiyo inayohitaji moyo wa chuma. Pale filamu ilipoipunguza hali halisi ni kumweka Terry mwenyewe kwenye redio. Kwa kawaida mshauri hukaa nyuma ya pazia, na anayeongea ni ndugu, rafiki au mtu anayeijua vizuri lugha ya watekaji, huku mshauri akimwandikia pembeni la kusema.

Wala muda mrefu wa kusubiri haukutiwa chumvi. Kolombia ya mwaka filamu ilipotoka ilirekodi zaidi ya watu 3,000 waliotekwa katika mwaka huo mmoja, na mahakama maalumu ya amani ya nchi hiyo ilikuja kukadiria kwamba FARC peke yao waliteka zaidi ya watu 21,000 kati ya 1990 na 2015. Sisi wa pwani hii tuna mifano iliyo karibu zaidi. Mtalii Mwingereza aliyechukuliwa kwa mashua kutoka Kiwayu, kaskazini ya Lamu, mnamo Septemba 2011, usiku ambao mumewe aliuawa, aliachiliwa Somalia Machi 2012 baada ya fidia kulipwa. Mke na mume waliokuwa wakisafiri kwa jahazi lao dogo kutoka Ushelisheli kuja Tanzania mwaka 2009 walikaa mikononi mwa maharamia siku 388. Ninayataja haya kwa sababu wakati ndio mhusika mkuu asiyeonekana katika kila habari ya mateka, na penzi la Alice na Terry linakaa hasa ndani ya wakati huo. Mwanamke na mwanamume wanaokaa chumba kimoja, siku baada ya siku, wakisubiri redio ilie, hawawezi kubaki kama walivyokuwa. Kwa hiyo wazo la penzi si upuuzi. Lina mizizi katika hali yenyewe, na mwandishi aliyeliona hakukosea kuliona.

Amekosea wapi basi?

Nilipoitazama mara ya kwanza, miaka ya mwanzo ya 2000, ilikuwa katika kibanda umiza kimoja Dar es Salaam, kwenye mabenchi ya mbao, mtafsiri akituhadithia kwa sauti juu ya sauti ya filamu. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana waliokuja kumwona Russell Crowe, na wao walikuwa wameshaamua kwamba yeye ndiye stelingi. Hata hivyo Peter alipoanza kuburuzwa milimani, miguu ikivuja damu, ukumbi ule ulihamia kwake bila kuambiwa na mtu. Terry na Alice walipobusiana hatimaye, sikusikia mluzi hata mmoja. Nilisikia guno. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, bila hasira yoyote, "Na mwenzao je?" Nimesoma tahakiki nyingi za filamu hii tangu siku ile, na sijakutana na iliyoutaja ugonjwa wake kwa maneno machache kuliko hayo matatu.

Kiufundi maana yake ni hii. Filamu inasimuliwa kwa njia mbili zinazopokezana: dakika chache sebuleni kwa Alice, dakika chache msituni kwa Peter. Upokezanaji wa namna hiyo una kanuni yake, kwamba kila kitu kinachotokea upande mmoja hupimwa kwa kile tulichokiona punde upande wa pili. Ukituonyesha mtu amefungwa mnyororo shingoni akiikodolea macho picha ya mkewe, kisha ukatupeleka sebuleni ambako mke yule anamtazama mwanamume mwingine kwa jicho laini, hata tazamo hilo likiwa safi namna gani, umeshalitia doa kabla halijaanza. Zaidi ya hapo, David Morse ameigiza vizuri mno. Peter wake anaanza akiwa mtu msumbufu, mwenye kiburi cha kazi, aliyegombana na mkewe usiku wa kuamkia siku aliyotekwa, na hatua kwa hatua anavuliwa kila kitu hadi kubaki mtu mwenye hasira, mzaha na ung'ang'anizi wa kuishi. Mwandishi amempa safari ndefu kuliko ya wote, halafu anatutaka tuwe na moyo wa nusu juu ya kurudi kwake. Hatuwezi. Wewe hukuweza, na hukukosea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wahakiki wanaosema penzi lile lingeondolewa tu. Nawapa wanafunzi wangu kipimo kimoja: vuta uzi mmoja wa hadithi nje, uone kitambaa kinafumuka wapi. Tukivuta penzi la Alice na Terry, kinachofumuka ni kitu kimoja tu, nacho ni sababu ya Terry kurudi. Ofa zinabaki zilezile, redio inalia saa zilezile, uvamizi wa mwisho unafanyika vilevile. Huo ni ushahidi kwamba uzi haukufumwa ndani, umelazwa juu ya kitambaa. Na kinachonisikitisha ni kwamba namna ya kuufuma ilikuwa pale pale mezani, ndani ya utafiti wao wenyewe. Kazi ya Terry inategemea nguzo moja, kwamba familia imwamini anaposema "bado, tusipandishe, tusubiri." Sasa mtu huyohuyo anampenda mke wa mateka. Kila siku ya kusubiri ni siku moja zaidi ya kukaa naye chumba kimoja. Je, anaposema tusubiri, anazungumza mtaalamu au anazungumza mwanamume? Alice angepaswa kujiuliza hivyo usiku mmoja, akiwa peke yake. Janis, dada yake Peter, ambaye yumo humo nyumbani na ana macho makali, angepaswa kumwuliza Terry uso kwa uso. Na Terry mwenyewe, mtu aliyejenga maisha yake juu ya kutohisi chochote wakati wa kupatana bei, angepaswa kulala akijihoji kama amekataa ofa fulani kwa hesabu au kwa tamaa. Swali hilo moja lingeziunganisha nusu mbili za filamu kuwa kitu kimoja, na tungekaa ukingoni mwa kiti bila risasi hata moja. Filamu nzima ya dakika 135 hailiulizi.

Huenda utaniambia kwamba kuna filamu ambamo mke, mume na mwanamume wa tatu wamewekwa pamoja katika hatari, na tukawapenda wote. Ipo, na Proof of Life inaikumbusha waziwazi katika kuagana kwake kwa mwisho: Casablanca ya mwaka 1942. Lakini tazama jinsi ile ilivyojengwa. Ilsa na Rick walipendana Paris kabla ya hadithi kuanza, wakati Ilsa akiamini kwamba mumewe amekufa kambini mikononi mwa Wanazi, kwa hiyo mapenzi yao hayana deni kwa mtu aliye hai. Mume anaporudi hadithini, anasimama mbele yetu akiwa huru, na heshima yake haihitaji tumwonee huruma. La muhimu zaidi, zile barua za kusafiria ambazo kila mtu anazitaka ili atoroke mjini ziko mikononi mwa Rick. Penzi na hatari vimeshika kitu kimoja. Akimpenda Ilsa kwa ubinafsi, mumewe atakamatwa. Akimpenda kwa ukubwa wa moyo, atampoteza. Ndiyo maana kuagana kwao kwenye uwanja wa ndege kunauma. Terry anapoagana na Alice hakuna alichokishika ambacho angeweza kukizuia. Anampa mkono mwanamke ambaye hakuwahi kuwa wake, na anaonekana mwungwana, lakini uungwana usiomgharimu mtu hautoi machozi.

Ni haki pia niseme kwamba filamu hii haikupewa nafasi ya kusikilizwa kwa utulivu. Ilipotoka, magazeti ya Marekani na Uingereza yalikuwa yakizungumzia maisha ya faragha ya waigizaji wake wawili wakuu kuliko kazi yenyewe, na onyesho la mapenzi lililokuwa limepigwa picha liliondolewa katika uhariri. Iligharimu takriban dola milioni 65 na mapato yake ya sinema duniani kote hayakufikia kiasi hicho. Kuondolewa kwa onyesho hilo kuliiacha filamu katikati ya mto: matazamio yote yanayoelekea kwenye onyesho hilo yamebaki, na chenyewe kilichotarajiwa hakipo. Hiyo ndiyo hisia uliyoieleza, ya kutopewa hili wala lile. Hata hivyo siamini kwamba kulirudisha kungeponya kitu. Kungeongeza moto kwenye uzi uleule uliolazwa juu ya kitambaa.

Nilikuahidi kurudi kwenye risasi. Serikali ya Tecala inapoanza kuwashambulia waasi, mazungumzo yanavunjika, na Terry anakusanya marafiki zake wenye silaha, akiwemo Dino anayeigizwa na David Caruso, kwenda kumchukua Peter kwa nguvu. Uvamizi huo umepigwa picha kwa ustadi, unaelewa nani yuko wapi, nao ulimpendeza mume wako bila shaka. Lakini unafuta kila kitu ambacho filamu imetufundisha kwa zaidi ya saa moja na nusu. Hargrove hakurudi nyumbani kwa uvamizi. Walio wengi hawarudi hivyo. Kolombia yenyewe inajua bei yake: Mei 2003 jeshi lilipokaribia kambi ya FARC, waasi walimuua gavana wa Antioquia, Guillermo Gaviria, pamoja na waziri wa zamani wa ulinzi, Gilberto Echeverri, na wanajeshi waliokuwa mateka pamoja nao. Mwaka 2007 wabunge 11 wa jimbo la Valle del Cauca waliuawa baada ya walinzi wao kudhani kwamba wanavamiwa. Uokoaji uliofaulu sana, ule wa Julai 2008 uliowatoa mateka 15 akiwemo mwanasiasa Ingrid Betancourt, aliyetekwa akigombea urais wa Kolombia, ulifaulu kwa hila, bila risasi kufyatuliwa. Filamu iliyoanza kwa kumheshimu mtu anayeokoa uhai kwa subira na hesabu ilipaswa kuwa na ujasiri wa kumaliza kwa subira na hesabu: begi la noti, njia ya mlimani, saa ya kusubiri, na mtu anayekuja akitembea.

Mkiitazama tena, na ningependa mwitazame, nakuombeni mambo mawili. Tazameni ile sehemu ya mwanzo, Terry anapotoa taarifa London kuhusu kazi yake ya Chechnya kwa sauti kavu kama ya karani, huku sisi tukionyeshwa moto na helikopta. Katika dakika hizo chache mmeambiwa tabia yote ya mtu huyu, kwamba ameyafungia maneno yake kabatini. Kisha kila Alice anapoingia chumba cha redio, acheni kumtazama Terry, mtazameni Janis. Pamela Reed anamwigiza kwa utulivu mkubwa, na mara mbili tatu usoni mwake kuna swali ambalo muswada haukumpa maneno ya kuliuliza. Mume wako atabaki na redio yake, nawe utapata hadithi ya mapenzi uliyokuwa ukiitafuta, ikiwa imekaa kimya kwenye uso wa wifi.